Kuunganishwa kwa Kwamsanja

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sheria hairuhusu litajwe na mtu aliyeketi, na mimi siwezi kuandika nikiwa nimesimama. Msomaji aniwie radhi. Itoshe kusema kwamba ni nchi ambayo jua lake halina uchoyo: huchomoza bila kuombwa, huwaka mpaka mabati yanalia, kisha huzama bila mtu kulishukuru. Kinachoombwa ni umeme. Umeme ni mali ya Shirika la Umeme la Taifa, nalo hutugawia kwa zamu, na kila linapouzima hutoa taarifa. Aliyekuwa akiziandika taarifa hizo ni mimi, Sefania Mbwilo, karani wa matangazo. Kwa miaka tisa sikuandika uongo hata mara moja. Niliandika "umeme umepumzishwa." Niliandika "umeme umerudi nyuma kidogo ili upate nguvu." Na gridi nzima ilipoanguka kwa siku tatu, hospitali na viwanda vikanyamaza, niliandika "taifa linafanya zoezi la utulivu," nikapongezwa kwa barua.

Mwaka ule Mheshimiwa Rais alitangaza redioni kwamba ifikapo Sikukuu ya Taifa kila kijiji kitakuwa kimeunganishwa na gridi. Mhandisi Kasebele, Mkurugenzi wa Uunganishaji, akafungua daftari la vijiji vilivyo gizani. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, Kwamsanja, mbali huko kwenye uwanda wa mtama.

"Karani, funga mzigo," aliniambia. "Tunakwenda kuwatoa watu gizani."

Tulisafiri siku mbili. Tulipofika tulikuta jambo ambalo hakuna kanuni iliyokuwa imelitazamia. Kwamsanja hakukuwa na giza.

Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma. Kinyozi alikuwa ananyoa kwa mashine. Zahanati ilikuwa na friji ya chanjo, taa kwenye chumba cha kujifungulia, na mashine ya oksijeni iliyotolewa na wamisionari. Nyuma ya shule, kwenye uwanja uliozungushiwa miiba, paneli za sola zilikuwa zimepangwa safu sita zikilitazama jua, na waya zilitoka hapo zikapita kijiji kizima juu ya nguzo za mikaratusi.

Aliyeyafanya hayo alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mkavu wa maneno, anaitwa Sikitu Mwakalonge. Alikuwa fundi wa laini wa Shirika letu kwa miaka kumi na moja, akapunguzwa kazi mwaka ule tulipopunguza mafundi ili tuongeze madereva wa wakurugenzi. Akarudi kwao. Kijiji kikauza ufuta wa misimu mitano kikanunua vifaa, naye akafunga, mstari kwa mstari.

Mhandisi Kasebele alizizunguka zile paneli mikono nyuma, polepole, kama mtu anayeangalia kaburi la mkwe.

"Nani ameruhusu hiki kitu?"

"Halmashauri, Mhandisi. Barua ninayo," alisema Sikitu, akaitoa kwenye mfuko wa nailoni.

Mhandisi akaisoma mara mbili. "Barua hii inaruhusu paneli. Sioni mahali inaporuhusu mwanga." Akaikunja. "Mama, wewe huelewi ulichokifanya. Rais amekwisha kuwasikitikia redioni. Unataka aonekane amesikitika bure?"

"Mimi sipingi gridi," alisema Sikitu. "Nimeisubiri sana. Masika mawingu yakikaa wiki nzima, betri zetu zinachoka. Gridi ikija tutasaidiana: jua likiwaka tunawapa nyinyi, likizama mnatupa sisi. Na hofu yenu naijua. Mkizima laini ili fundi apande nguzo, umeme wetu ukirudi kwenye waya utamuua. Nimepanda nguzo hizo mimi, najua. Ndiyo maana nimefunga swichi hii hapa. Gridi ikizimika tu, inatutenga yenyewe kabla hujakohoa."

Mhandisi akakohoa. "Swichi hiyo haijapitishwa na Kamati ya Taifa ya Jua."

"Kamati inakaa lini?"

"Ikitimia akidi."

"Mara ya mwisho ilitimia lini?"

"Kamati haijawahi kukaa," alisema Mhandisi kwa fahari, "kwa hiyo hakuna anayeweza kusema imewahi kuchelewa."

Ikaamuliwa, kwa kuwa kijiji hakiwezi kuunganishwa kama hakijatengana, kwamba umeme wa Kwamsanja uzimwe kwanza ili upatikane wa kuwashwa. Paneli zifunikwe kwa turubai, betri zifungwe, na kila kufuli ipigwe lakiri, yaani muhuri wa madini ya risasi wa Shirika, mpaka Kamati itakapoipitisha ile swichi. Sikitu aliletewa karatasi ya kukubali. Alikaa nayo muda mrefu, kalamu mkononi.

"Na zahanati?" aliuliza.

Mhandisi aliweka mkono kifuani. "Zahanati ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuwaka. Siku ileile. Nakuapia kwa cheo changu."

Sikitu akatia sahihi. Lakiri nilizipiga mimi mwenyewe kwa koleo, kumi na nne, nikahesabu mara mbili. Turubai zilikuwa za kijani kibichi, mpya kabisa, zinanukia.

*

Nguzo za Shirika zilisimamishwa kwa siku tisa, nzuri, zimenyooka. Transfoma ikapandishwa penye njia panda, ikapakwa rangi za bendera. Siku ya sherehe akaja Waziri wa Nishati na Matumaini, Dakta Nguzombili, na msafara wa magari ishirini na saba, pamoja na gari la wagonjwa la wilaya nzima, maana Waziri ana presha na daktari wake hapendi mzaha.

Alihutubia kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi wa Kwamsanja! Babu zenu walizaliwa gizani, wakaoa gizani, wakafa gizani! Nyinyi leo mmezaliwa upya!" Tulipiga makofi. "Kuna watu wanawadanganya kwamba jua ni la bure. La hasha! Jua lisilo na utaratibu ni kiangazi tu! Likiingia kwenye gridi ndipo linapopata uraia! Serikali yenu sikivu itaandaa mchakato, kisha mkakati wa mchakato, ili jua letu liunganishwe hatua kwa hatua, bila pupa. Mataifa makubwa yana haraka kwa sababu jua lao ni dogo. Letu sisi litatungoja!"

Kisha akabonyeza kitufe chekundu, na taa moja iliyotundikwa juu ya jukwaa ikawaka. Ilikuwa saa nane mchana. Ilibidi watu wakinge macho kwa viganja ili waone kama imewaka au haijawaka. Muuguzi wa zahanati, Nesi Gaudensia, aliyekuwa amesimama karibu nami, aligeuza kichwa akasikiliza.

"Karani, ule mngurumo ni wa nini?"

"Ni lori la vyombo vya muziki," nilisema. Na kweli lilikuwa lori la vyombo vya muziki. Jenereta lilikuwa ndani yake.

Msafara ulipoondoka lori nalo likaondoka, na taa ikazimika. Watu walisimama pale wakiitazama, halafu wakanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeachwa kwa siku tisini kulinda lakiri, pamoja na askari mmoja, Koplo Luhende, mwenye bunduki na kikohozi. Jioni hiyo nilituma taarifa makao makuu: "Kwamsanja yaunganishwa."

Kesho yake asubuhi Sikitu alipanda ile nguzo ya njia panda. Alifungua mlango wa transfoma, akachungulia, akashuka bila haraka.

"Bwana Karani, umewahi kuona ndani ya lile dude?"

"Si kazi yangu kuangalia ndani."

"Ni ganda. Hakuna kitu. Kuna kiota cha ndege."

Nilipiga simu. Mhandisi akanieleza kwamba utumbo wa transfoma umeagizwa na uko njiani. Mpango wa taifa, alisema, unahesabu transfoma kwa nje. Basi nikaandika kwenye kitabu changu: transfoma ipo.

Siku zikapita. Mashine ya kusaga ilinyamaza, wanawake wakarudi kwenye vinu. Chanjo Nesi Gaudensia alizipeleka tarafani kwa baiskeli, zikiwa kwenye kikapu cha barafu, na barafu ikaisha kabla ya njia. Watu waliendelea kunisalimia vizuri. Sikitu mwenyewe aliniletea uji wa mtama asubuhi mbili tatu, kwa sababu nilikuwa mgeni. Aliniuliza kila mara: "Kamati je?" Nami nikamjibu kwa ukweli kwamba mjumbe mmoja amesafiri, na mwingine hajateuliwa.

*

Siku ya kumi na moja, saa tano na nusu asubuhi, mama mmoja aitwaye Nyamizi alifika zahanati amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto aliitwa Milembe, wa miaka minne. Nimonia. Nilikuwa pale kwa bahati, nikitafuta dawa ya tumbo. Mbavu za yule mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi, na midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Nesi Gaudensia alimlaza, akampiga sindano, akaenda kwenye mashine ya oksijeni, akaigusa, akasimama. Mtungi wa oksijeni hakuwa nao. Wilaya ilikataa kumpa, kwamba zahanati yenye mashine haistahili mtungi. Gari la wagonjwa lilikuwa bado kwenye msafara wa Waziri, mkoa wa tatu. Akachukua ule mpira wa kusukumia pumzi kwa mkono, akaanza kusukuma, na bila kuniangalia akasema:

"Karani, mwite Fundi."

Sikitu alikuja mbio. Aliangalia mtoto mara moja tu, akanishika mkono wa shati, akanitoa nje. Jua lilikuwa kali mno. Turubai zilikuwa zinapepea ukingoni mwa shule, zinameremeta.

"Vunja lakiri," alisema. "Dakika nne zinanitosha. Sihitaji kijiji kizima, nataka waya mmoja tu wa zahanati."

"Sina mamlaka ya kuvunja. Nina mamlaka ya kupiga."

"Basi piga simu kwa mwenye nayo. Nakuomba, kaka yangu. Mimi nikivunja bila ruhusa watazing'oa paneli zote, na kijiji hiki kitakuwa kimeuza ufuta wake kwa upepo. Piga simu. Nakusubiri."

Nilipanda kichuguu, maana mtandao ulipatikana pale tu. Mhandisi Kasebele alipokea baada ya mara ya tano.

"Kwamsanja?" alisema. "Kwamsanja mna umeme. Naona hapa kwenye kompyuta, mko kijani."

"Mhandisi, mtoto anahitaji mashine, na umeme hakuna."

"Toka nje utazame. Nguzo zipo?"

"Zipo."

"Waya zipo?"

"Zipo."

"Transfoma?"

Niligeuka nikaitazama pale njia panda. "Ipo."

"Basi umeme upo. Tatizo ni la mtumiaji. Mwambie muuguzi aangalie swichi ya ukutani."

Nilimsihi. Ninataka hilo lijulikane, nilimsihi mpaka akalegea. Akaniambia kuna fomu, Ombi la Kufungulia Jua kwa Dharura, nitaikuta nyuma ya kitabu changu. Niijaze, nimsomee kwa simu, ataitafutia sahihi mbili. Nilishuka kichuguuni nikakimbia mpaka zahanati, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikafungua kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

"Milembe Sengerema," alisema Nyamizi.

"Yanatakiwa matatu."

Alinitazama kama nimemsemesha kwa lugha ya ng'ambo. "Ndiyo anayoitwa. Milembe."

"La babu yake, mama. Fomu inakataa mawili."

"Sengerema ndiye babu. Baba yake hakuwahi..." Nesi Gaudensia alikuwa anasukuma mpira, jasho linamdondoka kwenye kidevu, anahesabu kwa sauti ndogo. Nikaandika jina la babu mara mbili, ili yatimie. Nikapanda tena kichuguu. Simu ya Mhandisi ilikuwa inatumika. Nikangoja. Nilipompata alisema sahihi ya kwanza imepatikana, mwenye sahihi ya pili yuko kwenye swala ya mchana na baadaye ana chakula.

Sikitu alinisubiri dakika arobaini. Baadaye, mahakamani, walimuuliza kwa nini alingoja muda mrefu hivyo kama kweli hali ilikuwa mbaya. Alisema alingoja kwa sababu aliniamini.

Kisha akachukua jembe. Koplo Luhende alikuwa amesimama mbele ya uzio na bunduki yake. Walitazamana. Koplo akashikwa na kikohozi, akageuka kukohoa upande wa pili, akaendelea kukohoa kwa muda usio wa kawaida. Nilisikia lakiri zikikatika moja baada ya nyingine. Turubai zikaburutwa chini. Kwa kweli zilimtosha dakika nne, hakukosea.

Nilikimbilia zahanati, na pale mashine ya oksijeni ikaanza kuvuma. Ni sauti ya chini, laini, kama ya mtu anayeimba amefumba mdomo. Nesi Gaudensia hakuigeukia. Alikuwa ameuweka ule mpira juu ya shuka na amemshika Nyamizi mabega. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini mchana. Kivuli cha mtu kilikuwa chini ya miguu yake.

Nikarudi kichuguuni, simu yangu ikalia. Mhandisi alisema sahihi ya pili imepatikana.

*

Sikitu Mwakalonge alishitakiwa kwa kuhujumu gridi ya taifa. Wakili wake, kijana aliyepewa na mahakama, aliuliza swali moja zuri: mtu anawezaje kuhujumu gridi isiyo na umeme? Mwendesha mashitaka akasimama, akatengeneza tai.

"Mheshimiwa Hakimu, kiti cha enzi ni kiti cha enzi hata mfalme akiwa msalani. Waya ni gridi hata ukiwa mtupu. Na waya mtupu ndio unaohitaji heshima zaidi, kwa sababu hauwezi kujitetea."

Hakimu, aliyekuwa akijipepea kwa jalada la kesi maana feni ilikuwa imepumzishwa, alisema hoja hiyo ina uzito.

Niliitwa kutoa ushahidi. Niliulizwa kama nilipiga lakiri kumi na nne, nikasema ndiyo. Kama niliruhusu zivunjwe, nikasema hapana. Kama transfoma ilikuwepo, nikasema ilikuwepo. Kila jibu lilikuwa la kweli. Sikitu alinitazama muda wote, bila chuki, kama fundi anavyotazama mita ambayo namba zake zimeganda. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema:

"Nyinyi mlikuja na waya bila umeme, sisi tulikuwa na umeme. Mngetuunganisha tu."

Alifungwa miaka minne. Koplo Luhende alihamishiwa mpakani kwa sababu za kiafya. Paneli zilichukuliwa kama vielelezo, na kwa kuwa mtaalamu alishauri kwamba vielelezo vya aina hiyo huharibika visipopata jua, zilihifadhiwa juu ya paa la nyumba ya mapumziko ya Shirika, ambako hadi leo vinywaji vya wakurugenzi havijawahi kupata joto. Waziri Dakta Nguzombili alialikwa ng'ambo kuzungumzia namna nchi changa zinavyoweza kuingiza jua kwenye gridi bila pupa. Alipewa ngao. Sikukuu ya Taifa ilipofika Rais alitangaza kwamba vijiji vyote vimeunganishwa, na nikapandishwa cheo nikawa Afisa Taarifa Mkuu, mwenye kiti cha kuzunguka.

Baada ya mavuno, Nyamizi alikuja ofisini kwangu. Alikuwa ametembea, akapanda lori la mtama, akatembea tena. Alihitaji cheti cha kifo cha mtoto, na ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa imeikataa karatasi ya Nesi Gaudensia kwa sababu aliandika "mashine ilizimika." Kuzimika ni neno la Shirika, wengine hawaruhusiwi kulitumia bila kibali. Wakamtuma kwetu akachukue Uthibitisho wa Hali ya Umeme.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya kitenge. Hakuonyesha kama ananikumbuka, nami sikumkumbusha. Nikafungua kitabu cha siku ile, nikajaza fomu. Gridi: ipo. Waya: upo. Taarifa ya kukatika umeme: haikutolewa. Sababu ya kifo: nimonia. Nikapiga muhuri.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Nisomee."

Nikamsomea, kutoka juu hadi chini. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema:

"Na jua? Andika kwamba jua lilikuwepo."

"Mama..."

"Sitaki kingine. Andika tu kwamba jua lilikuwepo, lilikuwa linawaka. Ili atakayesoma ajue."

Nilimwambia fomu haina nafasi ya jambo hilo. Akasema ahsante, mwanangu, akaichukua karatasi kwa mikono miwili, akaikunja ndani ya kitenge, akaondoka.

Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa chini kabisa, mistari mitatu mizima, mitupu, na juu yake pamepigwa chapa: Maelezo Mengineyo.